Mwaka Niliotembea Nchi Kavu Kama Niko Ziwani

Boti ya samaki niliyofanyia kazi ilikaa ziwani siku kumi na sita safari ile, zaidi ya kawaida, kwa sababu injini ilisumbua karibu na kisiwa kimoja na tukangoja kifaa kutoka Mwanza. Tulipofunga kamba kwenye gati la kiwanda nilishuka na begi langu, nikapepesuka, wabeba barafu wakacheka. Hakuna aliyeshangaa. Kila aliyefanya kazi ile alijua kwamba ukishuka, ardhi inakuchezesha mpaka jioni, na kesho yake unaamka mzima.

Mimi niliamka kesho yake, nikaweka mguu chini, na sakafu ikapanda.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Kabla ya samaki nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba huko Misungwi, nyumbani kwetu. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na malori yao, kituo chetu cha ushirika kikawa kinafunguliwa siku mbili kwa wiki, halafu hakikufunguliwa tena. Mume wangu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha nguo ambacho mashine zake zilikuwa zinazimwa moja baada ya nyingine. Lakini miaka hiyohiyo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinachipuka kando ya ziwa, na vilitaka watu wanaojua kusoma mizani. Tukapanga vyumba viwili Pasiansi. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye boti kubwa wakati mitumbwi inaleta samaki: nainua shavu la samaki naangalia wekundu wake, napima, naandika, anatupwa kwenye barafu. Nilikuwa mwanamke pekee botini, na niliipenda kazi ile.

Nieleze vizuri ilivyokuwa, maana hata leo nikisimulia watu hunisikia vingine. Nyumba haikuzunguka. Kabati, pazia na kalenda ya ukutani vyote niliviona vimetulia mahali pake. Mimi ndiye niliyekuwa napanda na kushuka, polepole, bila kupumzika, kama mtu aliyekaa kwenye boti iliyotia nanga penye mawimbi madogo. Nikisimama kukoroga uji ilizidi. Nikilala, kitanda kilielea. Kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu kwa sababu lilionekana la kijinga: nikipanda gari, ilikoma. Siku moja pikapu ya kiwanda ilinichukua kunipeleka mjini, na kutoka Pasiansi mpaka katikati ya mji nilikuwa mtu mzima kabisa. Niliposhuka tu, ikarudi na nguvu zaidi.

Wiki ya kwanza zahanati walisema malaria. Nikanywa dawa. Wiki ya tatu wakasema ni malaria sugu, nikapewa kwinini, na sasa juu ya kuelea masikio yakawa yanalia. Wakapima presha, wakapima damu, wakanipa vidonge vya kizunguzungu vilivyonifanya nisinzie nikiwa nimekaa. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimu, alinitazama siku mbili nikishika kuta, kisha akamwambia mwanawe kwa furaha kwamba ni mimba. Haikuwa mimba. Alipojua, akasema basi kuna mtu ameniangalia vibaya kazini. Sikubishana naye. Nilikuwa nimechoka, na maelezo yake hayakuwa mabaya kuliko ya zahanati.

Kilichoniuma kilikuwa kingine. Jumapili moja nilikwenda kupokea komunyo, nikatembea kwenye ile njia ya katikati miguu nimeitanua kama bata, nikashika benchi kila hatua tatu. Baada ya ibada mama mmoja wa kanisa alinivuta pembeni.

"Mwanangu," aliniambia, "hayo mambo ya visiwani yaachie huko huko visiwani. Watoto wanaona."

Sikumwelewa mpaka nilipofika nyumbani. Alidhani nimelewa.

Msimamizi wangu kiwandani naye aliuliza, ila yeye aliuliza wazi. "Dada, unakunywa?" Nikamwambia hapana. Akanitazama machoni kwa muda, akaniamini, akanitoa botini akaniweka ndani, kwenye meza ambapo minofu inapita ikikaguliwa. Alidhani ananisaidia. Sakafu ya vigae vyeupe, taa ndefu za juu, minofu inayopita mbele ya macho bila kukoma: nilivumilia saa moja. Kisha nikakaa chini, kwenye maji, na buti zangu na aproni yangu, kwa sababu chini ndiko pekee nilikokuwa na uhakika nako. Wenzangu waliendelea kukata samaki huku wakinitazama. Mchana huo nilipewa likizo isiyo na tarehe ya mwisho.

Mume wangu ndiye aliyesema twende hospitali kubwa. Tulipangiwa daktari wa masikio. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinilaza, akanimwagia maji ya baridi sikioni, kisha ya vuguvugu, huku akiangalia macho yangu. Dunia ilizunguka kweli dakika ile, na hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba kizunguzungu chenyewe ni kitu kingine kabisa. Alipomaliza akaandika kwenye faili.

"Masikio yako mazima," alisema. "Nenda chumba cha mazoezi ya viungo. Wanaweza kukusaidia au wasiweze."

Kwenye benchi la nje ya chumba hicho alikuwa amekaa mzee mmoja, dereva mstaafu wa mabasi ya mikoani. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza ninaumwa nini. Nikasema kizunguzungu.

"Hata mimi kizunguzungu!" alisema, kama vile tumegundua kuwa ni ndugu. Akanieleza kwamba alipata ugonjwa wa sikio, na tangu hapo akigeuza shingo tu nyumba yote inazunguka. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii ndiyo imeniokoa. Nilikuwa siwezi hata kufunga kamba za viatu. Chukua, nakili. Mimi nimeshaikariri."

Siku ile zamu yangu haikufika. Mtaalamu alikuwa na wagonjwa wengi wa kiharusi na wa mifupa, nikaambiwa nirudi baada ya wiki. Nikarudi nyumbani na karatasi niliyoinakili, na sikuona sababu ya kungoja. Nilianza mchana huohuo. Tikisa kichwa kulia na kushoto mara ishirini, haraka. Inama, inuka. Lala ubavu ghafla, amka ghafla. Nilifanya mara mbili ya ilivyoandikwa ili nipone upesi.

Siku ya nne sikuweza kusimama. Mawimbi yaliyokuwa madogo yakawa ya dhoruba. Nilitambaa kwenda chooni kwa mikono na magoti, mume wangu akitembea nyuma yangu bila kujua anishike wapi. Nilitapika mpaka chai. Nilikuwa sijalia tangu ugonjwa uanze. Siku hiyo nililia, na sababu haikuwa maumivu, kwa kuwa hakukuwa na maumivu. Nililia kwa kuwa dawa iliyomponya mtu mwingine ilikuwa imenikataa.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mtu wa Kagera, mrefu, mwenye viatu vya raba na sauti ya mwalimu wa shule ya msingi. Niliingia nikiwa nimeshikwa mkono na mume wangu.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi. Kaa. Nini kinakusumbua?"

"Kizunguzungu."

"Hilo neno liache hapo mlangoni," alisema. "Wote mnaokuja hapa mnaniambia kizunguzungu. Mwenye njaa kizunguzungu, mwenye presha kizunguzungu, mwenye sikio kizunguzungu. Niambie kinafanya nini."

Nikafikiri. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ninapanda na kushuka kama niko botini. Nikamweleza siku kumi na sita. Nikamweleza minofu na vigae. Alikuwa anaandika. Kisha akauliza kitu ambacho kilinifanya nimtazame mara mbili.

"Ukipanda gari je?"

"Inakoma," nilisema.

Mume wangu akageuka kunitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia.

Yule mama aliweka kalamu chini. Alisema hajawahi kumtibu mtu mwenye tatizo hilo, na hakutaka kunidanganya kuwa anajua jina lake; lakini mwalimu wake mmoja, zamani akiwa masomoni, aliwahi kuwasimulia habari za mabaharia wanaoshuka nchi kavu na bahari ikakataa kuwaachia. Kisha akaniuliza kama kuna mazoezi niliyokwisha kufanya. Nikampa karatasi.

Aliisoma, akaikunja. "Hii niliandika mimi. Niliiandika kwa ajili ya yule mzee dereva. Yeye sikio lake moja limekufa, kwa hiyo tunaufundisha ubongo wake kufanya kazi na lililobaki. Tunamtikisa mpaka azoee. Wewe masikio yako yote mazima. Mwili wako ulijifunza boti ukasahau kuiacha. Nikikutikisa, nakuongezea mawimbi."

Mume wangu, ambaye ni fundi na hupenda jambo lenye hesabu, alisema kama ni hivyo basi tiba iko wazi: nipande gari kila siku, rafiki yake ana teksi.

"Hapana, baba," alisema. "Huko ni sawa na kumpa mlevi pombe asubuhi ili mikono isitetemeke. Atatulia. Akishuka je?"

Kisha akaniambia nitembee kutoka ukutani hadi mlangoni bila viatu. Nilitembea. Akaniambia nitazame miguu yangu. Vidole vyote nilikuwa nimevikunja, vimeishika sakafu kama kucha za kuku kwenye mti. Sikuwa najua. Magoti nilikuwa nimeyakaza, mabega yamepanda mpaka masikioni.

"Unaona?" alisema. "Bado uko kazini. Unazuia usianguke na hakuna kinachokuangusha. Tutaanza na vidole."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na vidole vya miguu. Sikupewa karatasi. Nilitumwa nikanunue daftari la shule, na wiki mbili za kwanza sikuwa na zoezi ila kuandika: asubuhi, mchana na jioni, mawimbi yako kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi, na nilikuwa nafanya nini. Niliona ni kupoteza muda. Lakini tulipokaa kulisoma pamoja, daftari lilisema mambo ambayo nisingeweza kuyasema kwa mdomo. Siku nilizolala vibaya zilikuwa mbaya. Siku tatu kabla ya hedhi zilikuwa mbaya zaidi. Nikichambua mchele nimeinama, saba. Nikiongea na jirani nikacheka, tatu. Nikivaa kitenge changu cha miduara na kupita mbele ya kioo, nane. Nikiwa na vidonge vya kizunguzungu, sita kutwa nzima, hayapandi hayashuki.

Daktari wa masikio alikubali vidonge viachwe, nusu nusu. Mengine yote alipanga yule mama kutoka kwenye daftari. Nyuma ya nyumba yetu Pasiansi kulikuwa na mwamba bapa, mmoja wa ile miamba iliyotapakaa kila mahali Mwanza. Nisimame juu yake peku, vidole vimelegea, nitazame kitu kimoja kisichotikisika, nihesabu mpaka sitini. Basi, nishuke. Mara mbili kwa siku. Nikizoea, nifumbe macho. Mchele nichambue nimekaa mezani, ungo umeinuliwa, kidogo kidogo. Kitenge cha miduara kitundikwe ukutani chumbani, nikitazame kwa muda wa kunywa chai, siku zile tu ambazo daftari linasema nne kushuka chini. Nitembee kila siku kandokando ya ziwa, lakini mwezi wa kwanza nisiyatazame maji. Siku zile tatu kabla ya hedhi nipunguze kila kitu nusu, na nisijilaumu.

"Na sokoni?" nilimuuliza. Nilikuwa sijakanyaga soko la Mirongo tangu ugonjwa uanze. Watu wanaopishana walikuwa wananizamisha.

"Utakwenda saa ile wanapanga nyanya, kabla wateja hawajajaa. Wiki ijayo nusu saa baadaye. Wiki nyingine tena nusu saa. Siku utakayoshindwa, usikimbie. Simama kwenye nguzo, legeza vidole, ngoja ipungue, ndipo uondoke."

Haikuwa safari iliyonyooka. Mwezi wa pili nilishuka mpaka tatu, nikajiona nimepona, nikafua mashuka yote ya nyumba kwa siku moja, na nikarudi saba kwa siku tisa. Nilimpelekea daftari nikiwa na hasira. Hakunionea huruma wala hakunigombeza, alichora mstari chini ya siku ile ya kufua akaandika pembeni "shuka mbili tu." Mwezi wa nne alijaribu kuniongezea zoezi la kugeuza kichwa nikitembea, likanichafua, akalifuta. Mwezi wa sita akalirudisha, polepole, likakubali. Niliwahi kumuuliza anajuaje.

"Sijui," alisema. "Ninajaribu kidogo, halafu ninakusoma."

Kiwandani walikuwa wamemwajiri mtu mwingine muda mrefu. Msimamizi alinitumia salamu na begi la vitu vyangu vilivyobaki kwenye kabati. Mume wangu alikuwa ameanza kutengeneza mashine za kusaga nafaka za watu binafsi, na kazi zilimjia. Tulikula. Tulikuwa wapole zaidi kwa kila mmoja kuliko zamani, ingawa siwezi kusema tulikuwa na furaha. Alijifunza kutonishika mkono njiani isipokuwa nimeomba, jambo lililomgharimu, kwa sababu watu walimwona kama mume asiyejali.

Mwezi wa kumi na moja tangu nianze kuugua, mdogo wangu wa kiume alioa msichana wa Ukerewe. Harusi ilikuwa Ukerewe. Njia ni meli.

Mama yangu alileta ujumbe kutoka Misungwi kwamba nisiende, hakuna atakayenilaumu. Mama mkwe alisema vivyo hivyo. Nikampelekea yule mama wa mazoezi swali, nikitegemea kwamba naye atakataa, na nusu ya moyo wangu ilitaka akatae.

"Unataka kwenda?" aliuliza.

"Ni mdogo wangu."

"Sijauliza hilo."

"Nataka."

Akachukua daftari. Tulipanga pamoja: tusafiri asubuhi baada ya usingizi mzuri, nisilale melini wala nisikae chumba cha ndani, nisimame nje nikitazama vilima, nikitembea kila baada ya muda; nikishuka, nisikae, nitembee saa nzima na viatu mkononi. Nikubali kwamba itarudi. "Itarudi," alisema. "Swali ni itakaa siku ngapi."

Kuna jambo moja ambalo hakuniandaa kwalo, na nadhani hakulijua. Meli ilipoondoka gatini na kuanza kuchukuliwa na maji, kitu ndani yangu kilizima. Kwa miezi kumi na moja hata siku nzuri zilikuwa na moja au mbili chini kabisa, kama redio ya jirani. Sasa ilikuwa kimya. Nilishika chuma cha ukingoni, nikaachia, nikasimama katikati ya mizigo ya watu bila kushika chochote. Abiria waliyumba, mimi sikuyumba. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni aliniomba nimshikie kapu maana alikuwa hajiwezi, nikalibeba kapu lake na langu. Kwa karibu saa tatu nilikuwa yule karani wa boti. Niliwaza kwamba kama ningeweza kubaki kazini kule ziwani na nisishuke tena, nisingekuwa mgonjwa wa kitu chochote. Wazo hilo halikunitisha, na hilo ndilo lililonishangaza.

Tulipofika mume wangu alishuka kwanza. Nilisimama juu ya ubao wa kushukia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, watu wakinisukuma mgongoni. Kisha nikashuka.

Ilikuja kabla sijafika mwisho wa gati. Tano, nilikadiria, labda sita. Nilivua viatu, nikalegeza vidole, tukatembea. Wageni wengine walipelekwa kunywa soda. Sisi tulitembea saa nzima kwenye barabara ya vumbi, katikati ya mashamba ya mihogo, mume wangu amebeba begi na zawadi kichwani, watoto wakituuliza tumepotea wapi. Harusini nilikaa mwisho wa benchi karibu na nguzo. Nilicheza wimbo mmoja. Kurudi tulifanya hivyohivyo.

Mawimbi ya safari ile yalikaa siku sita, kisha yakapungua mpaka mbili, na ya siku ya kumi na moja sikuyaandika kwa sababu nilisahau. Nilipompelekea daftari lenye ukurasa mtupu aliligeuza, akatafuta, akaniuliza siku hiyo ilikuwaje. Nikamwambia sikumbuki, nadhani nilikuwa napaka chokaa ukutani.

"Basi usiandike tena mpaka uone haja," alisema, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Baadaye alihamishwa akarudi kwao Bukoba, na sikuonana naye tena. Mimi nilipata kazi ya kuandika mizigo kwenye ghala la mbegu, kazi ya nchi kavu. Kuelea hakujaisha moja kwa moja. Nikikosa usingizi siku mbili, au nikiwa na homa, kunarudi, naongeza saa za kutembea na kupunguza mengine, na wiki ikipita kunakwenda. Meli bado napanda nikiwa na sababu. Nikishuka, walio nami hunisubiri nitembee kwanza.